Safari ya majini huanza nchi kavu: somo kutoka bahari ya Hindi hadi ziwa Kivu

Tarehe 18 mwezi wa 11 mwaka 2022, mbali na pwani ya Afrika ya Kusini, Tapio Lehtinen, baharia mzee kutoka Finland, alikuta maji yakiingia kwa nguvu ndani ya mashua yake ya matanga, Asteria. Muda mfupi baadaye ikazama. Alikuwa peke yake katikati ya bahari ya Hindi.

Hakufa, kwa sababu vitu vya kumuokoa vilikuwa tayari: nguo inayozuia maji na baridi, boti la mpira linalojijaza hewa, na chombo kidogo kinachotuma ishara ya hatari kupitia setilaiti. Ishara hiyo iliwafikia waokoaji.

Mwanamke mmoja wa Afrika ya Kusini, Kirsten Neuschäfer, aliyekuwa akishindana naye, aligeuza mashua yake na kusafiri usiku kucha kumtafuta. Kesho yake alimtoa kwenye boti la mpira, ambamo alikuwa amekaa karibu saa 24. Kisha meli ya mizigo ikamchukua.

Wote wawili walikuwa katika Golden Globe, mashindano ya kuzunguka dunia peke yako bila kutua popote. Hakuna kutumia GPS: baharia anatafuta njia kwa ramani ya karatasi, dira, jua na nyota. Mashua 16 ziliondoka Les Sables-d'Olonne, Ufaransa, tarehe 4 mwezi wa 9. Kirsten alirudi wa kwanza mwezi wa 4 mwaka 2023, baada ya siku 235.

Ushindi huo ulianzia mbali. Alinunua mashua ya zamani, Minnehaha, yenye urefu wa metre 11 hivi, akaitengeneza upya huko Canada. Halafu akaijaribu kwa kuvuka nayo bahari ya Atlantiki hadi Afrika ya Kusini, kabla ya kwenda Ufaransa. Anayesafiri hivyo anahesabu mapema chakula cha miezi mingi, maji, dawa, matanga ya akiba na vifaa vya kutengenezea kinachovunjika. Huko mbali hakuna duka wala fundi.

Sisi tuna ziwa, wala si bahari. Lakini tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka 2024, boti MV Merdi kutoka Minova, ikiwa imebeba watu kupita uwezo wake, ilizama ikikaribia bandari ya Kituku, Goma. Jamaa waliokuja kupokea ndugu zao waliona kwa macho yao.

Tapio alizama mbali sana na nchi kavu, akaokoka. Wengine walikufa wakiona mji mbele yao. Kwa hiyo, kabla ya kulipa tiketi, msafiri aulize: tuko wangapi? Jaketi langu la kuokolea liko wapi? Hewa ikoje leo? Kama hakuna jibu, heri kulala Minova usiku mmoja.