Folda ya ofisi imeganda? Usikimbilie kuzima kompyuta

Unafungua folda ya pamoja ya ofisini, kiduara kinazunguka weee, kompyuta haijibu. Mkono unakwenda kwenye kitufe cha kuzimia. Subiri kwanza. Mara nyingi kompyuta yako ni nzima, ila imeomba faili kwa seva na bado inangoja jibu. Ukiizima katikati ya kusevu, faili la mahesabu linaweza kubaki nusu.

Na usijipe moyo kwa sababu WhatsApp inaingia. Folda ya ofisi haihitaji intaneti, inahitaji njia kati ya kompyuta yako na seva.

Kwa Mji Mkongwe, njia hiyo ina adui wawili. Wa kwanza ni kuta. Nyumba zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene hasa, na waifai ikivuka mbili tu inachoka. Majina ya mafaili utayaona, lakini ukifungua faili kubwa, kimya.

Wa pili ni umeme. Unguja inategemea kebo za chini ya bahari kutoka bara. Hitilafu ya Desemba 2009 iliacha kisiwa gizani karibu miezi mitatu. Ila kwa seva, hata dakika mbili zinatosha. Umeme ukirudi, rauta inaweza kuipa seva anwani mpya ya IP, huku kompyuta yako ikiendelea kuita ile ya zamani. Unagonga mlango wa mtu aliyehama.

Pa kuanzia ni hapa: kwenye Windows, fungua sehemu ya kuandikia amri, andika ping -n 100 kisha anwani ya seva, mfano 192.168.1.10. Hakuna jibu kabisa? Angalia kama seva imewaka na anwani yake ni ile ile. Ikiwa imebadilika, ingia kwenye rauta uifungie seva anwani moja ya kudumu. Majibu mengine yanapotea njiani? Hapo ni waifai au waya. Unganisha kompyuta kwa kebo ya mtandao ujaribu tena. (Kabla ya kutoboa ukuta, waulize Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Eneo hili ni Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2000.)

Wanaotumia Linux wanakutana na mkasa mkubwa zaidi. Mfumo wake wa kugawana mafaili, NFS, ulitoka kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1984, na kwa kawaida umewekwa usikate tamaa: seva ikipotea, kompyuta inaomba tena na tena, hata saa nzima. Inaudhi, lakini seva ikirudi kazi inaendelea pale pale ilipoishia. Upo mpangilio wa pili, soft, unaokata tamaa mapema na kutoa kosa. Mafundi wengine huuweka ili mteja asilalamike. Kwa folda ya kusoma tu, sawa. Kwa folda ya mahesabu, mimi nisingekubali, maana data inaweza kupotea njiani.

Ikiwa majibu yote 100 yamerudi na folda bado imeganda, shuku seva yenyewe, hasa diski iliyojaa au inayokufa. Kama inakwaruza au inatoa sauti ya kugonga, usiizime na kuiwasha ovyo. Nakili kinachonakilika, halafu mwite fundi.