Mkongo wa Baharini na Dhana ya Setilaiti

Mkongo wa intaneti unaounganisha nchi mbili jirani chini ya bahari ni nyuzi chache za kioo, nyembamba kama unywele, zilizofunikwa kwa plastiki, shaba na chuma. Wa Tonga na Fiji, wenye urefu wa kilomita 827, ulianza kazi mwaka 2013. Kila mradi wa namna hii unapotangazwa, swali ni lilelile: ya nini kuzamisha fedha baharini ilhali setilaiti ziko angani?

Swali hilo limejengwa juu ya kosa. Setilaiti za mtindo wa zamani hukaa kilomita 36,000 juu ya ikweta, hivyo ombi la mtumiaji na jibu lake hupoteza karibu nusu sekunde njiani. Kati ya Tonga na Fiji, mwanga huenda na kurudi ndani ya mkongo kwa takriban sekunde 0.008. Setilaiti mpya, kama za Starlink, huruka chini zaidi, karibu kilomita 550, na kuchelewa huko kumepungua mno. Lakini uwezo wa kila moja hugawanywa kwa wote walio chini yake, na data huishia kwenye kituo cha ardhini kilichofungwa kwenye faiba. Anayedai setilaiti imeua mkongo hajafuatilia data yake inakopita.

Ushahidi upo Tonga kwenyewe. Januari 15, 2022 volkano ya Hunga Tonga–Hunga Ha'apai ililipuka na mkongo ukakatika. Setilaiti ziliokoa simu na mawasiliano ya dharura, na hilo si jambo dogo. Intaneti kamili ya kisiwa kikuu ilirudi Februari 22, meli ilipomaliza kuunga. Visiwa vya Vava'u, vilivyotegemea mkongo wa ndani, vilisubiri hadi 2023.

Udhaifu halisi wa mkongo ni kuwa peke yake, na mkongo wa pili uliolazwa kandokando yake si dawa. Mei 12, 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika siku moja kwenye pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania na Kenya.

Kinachofaa ni njia ya pili iliyo mbali na ya kwanza, mkongo kufukiwa karibu na ufuko, mkataba na meli ya matengenezo, kituo cha kubadilishana data nchini, na setilaiti kama akiba. Mikongo mingi inayokatika hukatwa na nanga na nyavu. Ramani ya mkongo iwafikie manahodha na wavuvi kabla haujalazwa.