Somo la Redio: Vali Mpya ya Moyo na Hatari Zake

Kaeni karibu na redio, daftari mkononi. Neno letu la leo ni VALI. Liandikeni: va-li.

Vali ni mlango mdogo ndani ya moyo. Damu hupita mbele, na mlango hujifunga ili isirudi nyuma. Mlango huo hufunguka na kufungwa mara kama 100,000 kwa siku moja. Mtu akizeeka, vali yake huweza kushikwa na kitu kigumu kama chokaa, isifunguke vizuri. Mzee huyo hupanda kilima kidogo tu akakosa pumzi, na pengine huzimia.

Zamani dawa ilikuwa kupasua kifua. Lakini tarehe 16 Aprili 2002, katika mji wa Rouen, Ufaransa, Daktari Alain Cribier alimtia mgonjwa wa miaka 57 vali mpya bila kumpasua kifua. Alipitisha mpira mwembamba katika mshipa wa damu, kuanzia kwenye kinena mpaka moyoni. Vali ilifanya kazi. Hata hivyo mgonjwa huyo alikufa baada ya miezi minne hivi, kwa sababu ya ugonjwa wa mguu uliokosa damu. Basi mwaoneni: moyo uliponywa, na hatari ikatoka mahali pengine.

Sasa tuzitazame hatari hizo. Kwanza ni pale kinenani. Mshipa huweza kuchanika na kuvuja damu. Pakivimba, au mguu ukiwa baridi na mweupe, mwiteni daktari mara moja.

Ya pili ni kiharusi. Kipande cha chokaa au cha damu iliyoganda huweza kwenda kwenye ubongo. Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea, au maneno yakikwama, msingoje asubuhi.

Ya tatu yahusu umeme. Naam, moyo una umeme wake mdogo, na njia yake hupita karibu sana na vali hiyo. Vali mpya ikiibana njia, moyo hupiga polepole mno. Hapo daktari hutia chini ya ngozi, karibu na mtulinga, chombo chenye betri cha kuongoza mapigo.

Tena, vali ya zamani haitolewi. Husukumwa kando tu. Ni kama kutia fremu ya mlango katika ukuta wenye mawe yaliyotokeza: nafasi hubaki, na damu huvuja pembeni. Uvujaji mdogo hauna neno sana. Ukiwa mkubwa, miguu huvimba na pumzi hukatika.

Lakini hatari ninayotaka mwikumbuke zaidi ni vijidudu kuota juu ya vali. Yaweza kutokea miezi mingi baada ya mgonjwa kurudi nyumbani, wakati kila mtu amekwisha sahau. Vijidudu huingia katika damu, mara nyingi kutoka kwenye meno na fizi zilizooza. Dalili yake ni homa. Na sisi tukiona homa twasema, "Ni malaria," twanunua vidonge. Mgonjwa mwenye vali mpya asifanye hivyo! Aende hospitali, aseme, "Nina vali ya kutiwa," apimwe malaria, na pia atolewe damu ya kutafuta vijidudu kabla ya kumeza dawa za kuua vijidudu. Akizimeza kwanza, vijidudu hujificha katika kipimo, na ugonjwa waendelea kuila vali. Hata kwa daktari wa meno aseme vivyo hivyo kabla ya kung'olewa jino, maana huenda akapewa dawa ya kinga.

Tena dawa ya kuzuia damu isigande asiiache kwa kuwa ajiona mzima. Daktari ndiye wa kuiondoa.

Wengine huuliza vali hizi hutengenezwa kwa nini. Nyingi hutokana na utando wa moyo wa ng'ombe, nyingine wa nguruwe. Mwenye neno juu ya hilo amwulize daktari mapema.

Sasa andikeni sentensi hii, kila mmoja kwa mkono wake: "Nina vali ya kutiwa, na nina homa."