Mkono Haujaiva? Sukuma Kabla Usukumwe

Wasee wa Nairobi tukisema poka, tunamaanisha ile ya base: 8 na Q ni swali, J inaruka, K inarudisha, na ukikaribia kumaliza lazima ubonge "niko kadi" ama ushikwe. Hiyo game inalipa subira. Unaokota, unaokota tena, mwishowe rangi yako inaingia. Sasa chukua huyo msee wa kuokota umketishe kwa meza ya Texas Hold'em, umpee kopa nne anangoja ya tano apate flushi. Atakol kila beti akingoja, na stack yake itaisha polepole kama bando.

Hiyo muvi nimeicheki sana huku Jabal Akhdar, Oman. Mbogi yetu ni ya job za hoteli, tunakaa juu ya Saiq, mita kama 2,000 juu ya bahari, na Januari baridi ya huku inakufanya uikumbuke Limuru vipoa. Kushuka Birkat Al Mouz usiku si mchezo: ile mlima ni ya foobaifoo pekee, na kuna polisi pale chini wa kucheki gari. So jioni ni karata. Sheria ya Oman haitaki kamari, kwa hivyo hakuna doo kwa meza. Tunatumia kokwa za tende. Zako zikiisha umetoka, na mwenye atabaki mwisho anadodge zamu ya kuosha vyombo wiki mzima.

Kuna mzee wa Nizwa, dere, alizaliwa Unguja. Mara ya kwanza alitupata amekunja uso: "Wanangu, mnacheza kamari hapa?" Tukamshow, "Hapana babu, ni kokwa tu." Akaangalia, akavuta kiti, akatusahihisha majina: kopa, uru, shupaza, pau, na ree ndiyo mkubwa wao. Tangu hiyo siku Sheng yetu ya mezani imechanganyikana na Kiunguja na hakuna mtu analalamika.

Sasa rada. Mkono haujaiva ni ule bado hauna kitu lakini uko na njia. Ukiwa na kopa nne baada ya flopu, zile kadi tatu za kwanza za mezani, kuna kopa 9 zimebaki za kukuokoa: uwezekano wa kuingia kufikia riva, kadi ya tano, ni kama asilimia 35. Streti ya kufunguka pande zote mbili ina kadi 8, hiyo ni kama 31. Lakini sema umeshika 9 na 8 za kopa, flopu ikuje 10 na 7 za kopa na 2 ya pau. Hapo kopa zako ni 9, J na 6 zinaongeza zingine 6, jumla 15. Njia ya haraka ya wasee ni kuzidisha kwa 4, inakupea 60, but kadi zikiwa mob hiyo njia inadanganya kiasi. Ukweli ni kama 54. Maze, msee ako na ree mbili nyeusi, na ni wewe uko mbele!

Lakini pesa yote iko kwa nani amesukuma. Chukua zile kopa nne za kawaida, za asilimia 35. Kwa poti kuna 6,000, wewe na yule msee kila mtu ako na 12,000. Akisukuma zote, wewe ukol: mara 35 kwa 100 unapata 18,000, mara 65 unapoteza 12,000. Piga hesabu, kila ukikol unaangusha 1,500. Sasa geuza. Wewe ndiye umesukuma, na mara 40 kwa 100 yeye anafoldi. Hizo mara unabeba 6,000 bila kuona kadi ingine. Changanya na zile anakol, unatoka na faida ya 1,500. Kadi ni zile zile. Kilichobadilika ni nani amebebeshwa swali.

Na kwa tournament watu hufoldi zaidi, juu ukitoka umetoka. Hiyo kusukuma na mkono haujaiva, David Sklansky, mwandishi wa vitabu vya poka, ndiye aliipea jina la semi-blafu. Mfano mnoma ni fainali ya World Series of Poker 2003, Las Vegas. Chris Moneymaker, mhasibu aliyeingia kupitia tournament ndogo ya dola 86 mtandaoni, alishika K ya shupaza na 7 ya kopa. Kufika kadi ya nne alikuwa anangoja flushi na streti zote mbili, na bado aliongeza beti. Kadi ya tano ikawa bure kabisa. Akasukuma zote. Mpinzani wake Sam Farha, na pea yake ya 9 ikiwa mbele, akafoldi. Moneymaker akaenda home na dola milioni 2.5.

Usisome hiyo ukaanza kusukuma kama fala, though. Mambo ni ya flopu: ikifika kadi ya nne na hujaingia, zile kadi 15 zimeshuka kutoka 54 hadi kama 33. Msee amebaki na vichipu viwili hafoldi, so usimblafu. Na flushi ya kopa ndogo ndogo ni njia ya kupeana stack kwa mwenye ree.

Alafu kuna babo. Wamebaki kumi, wanalipwa tisa. Hapo chipu unapoteza ina uzito kuliko ile unashinda. Ukiwa na stack ya katikati na mwenye stack kubwa akusukumie, hata zile 15 unaweza ziwacha na usijute. Ukiwa wewe ndiye mkubwa, hawa wa katikati ndio wa kusukumia, hata na kadi 9.

Huku mlimani hiyo shida hatuna. Anayelipwa ni mmoja, wa pili anaosha sufuria kama wa mwisho, so kila kokwa ina uzito mmoja kuanzia mwanzo. Babo haipo. Yule mzee wa Nizwa alishika hiyo mapema kutuliko, na siku hizi akisukuma kokwa zake zote, nusu ya meza inafoldi kabla hajatoa mkono.