Chumba cha Uani: Ruhusa Kwanza, Mawe Baadaye

Mtu aliye na kiwanja chake mjini Nairobi, hata kiwe kidogo namna gani, hufika siku akautazama ua ulio nyuma ya nyumba yake na kuwaza moyoni kwamba hapo pangeweza kusimama nyumba ndogo. Huenda ni ya mwanawe aliyekwisha kuwa mtu mzima, au ya mama mzee aliyeletwa kutoka mashambani awe karibu na hospitali, au ya mpangaji ambaye kodi yake italipa karo ya shule. Mawazo hayo ni mema. Lakini ipo sheria inayoonyesha njia ya kuyatimiza, na watu wengi huijua siku ile wanapokuta alama nyekundu ya X imepakwa ukutani, fedha zikiwa zimekwisha kutumika. Kwa hiyo yafaa kila mwenye kiwanja aijue mapema.

DESTURI HII SI MPYA

Nyumba ya pili katika kiwanja kimoja si jambo geni. Wakati wa ukoloni nyumba nyingi za Wazungu mjini Nairobi zilijengewa vyumba vya watumishi nyuma, mbali kidogo na nyumba kubwa. Mpaka leo vyumba vya namna hiyo huitwa SQ, ijapokuwa siku hizi anayekaa humo mara nyingi ni mpangaji mwenye kazi yake mjini.

Tena, mpango wa Dandora ulipoanzishwa mwaka wa 1975 kwa msaada wa mkopo wa Benki ya Dunia, vilikusudiwa viwanja vipatavyo 6,000, vyenye maji na choo. Mwenye kiwanja alitazamiwa kujenga vyumba vyake kidogo kidogo, vingine vya kukaa na vingine vya kupangisha. Yaani huko chumba cha ziada kilihesabiwa tangu mwanzo. Katika mitaa mingine, kama Buruburu, ambayo ilianza kujengwa katika miaka ya 1970, vyumba vingi viliongezwa baadaye na wenye nyumba wenyewe, mbele, nyuma na juu. Basi tofauti ni hii: palipo na hesabu ya mapema, mfereji wa maji machafu hupimwa kwa idadi ya watu watakaoutumia; pasipo na hesabu, mfereji wa watu watano hubebeshwa mzigo wa watu kumi na watano, na uchafu hutokea katika ua wa jirani asiyehusika.

RUHUSA HUTOKA WAPI

Kwa Katiba ya mwaka 2010, kazi ya kupanga miji na makazi iko mikononi mwa serikali za kaunti. Na kwa Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, hapana mtu awezaye kuanza kujenga kabla ya kupata kibali cha kaunti yake. Haidhuru kwamba ardhi ni yake, wala kwamba jengo ni dogo na halionekani kutoka barabarani. Mwenye kuanza bila kibali aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au kupata adhabu zote mbili. Tena aweza kuamriwa airudishe ardhi katika hali yake ya kwanza, maana yake abomoe.

Mwombaji hupeleka ramani za jengo zilizochorwa na msanifu wa majengo aliyeandikishwa, na pale panapohitajika nguvu ya nguzo na zege, ramani za mhandisi pia. Huonyesha vilevile hati ya ardhi na kwamba ada za kiwanja zimelipwa. Sheria yataka watu wa mtaa wapewe habari ya ujenzi unaokusudiwa, ili mwenye pingamizi alitoe mapema. Jengo lenyewe hupimwa kwa Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za mwaka 2024, zilizoanza kutumika mwezi wa Machi 2025 badala ya zile za mwaka 1968.

MAMBO YA KUTAZAMA KABLA YA KUCHIMBA MSINGI

Kwanza, soma hati ya kiwanja chako mpaka mwisho. Viwanja vingi vya mjini ni vya kukodishwa na Serikali kwa miaka mingi, na hati nyingine husema wazi kwamba pasijengwe zaidi ya nyumba moja ya kukaa. Kibali cha kaunti hakifuti sharti hilo. Hapana budi libadilishwe kwa njia yake.

Pili, uliza ni sehemu gani ya kiwanja inayoruhusiwa kufunikwa na majengo katika mtaa wako, na ni nafasi gani iachwe mpakani na kando ya barabara. Mtaa mmoja haufanani na mwingine, kwa hiyo usimwige rafiki yako wa upande wa pili wa mji.

Tatu, jua mfereji wa maji machafu unapita wapi, na nyaya za umeme ziko wapi. Chumba kilichojengwa juu ya mfereji kitavunjwa siku mfereji utakapoziba. Na kama mto u karibu, jihadhari zaidi: baada ya mafuriko ya mwaka 2024, nyumba nyingi zilizokuwa kando ya mito ya Nairobi zilibomolewa, na waliokuwa wakikaa humo wakabaki nje na vyombo vyao.

Nne, acha njia. Chumba cha uani kisicho na njia ila kwa kupita jikoni mwa nyumba kubwa ni mtego siku ya moto.

SIKU 60 NA SIKU 14

Wengine husema, "Nikiomba kibali nitazeeka nikingoja." Ni kweli kwamba kungoja kumewachosha wengi, na kwamba wako wanaotaka chai ili faili isonge. Lakini sheria imemwekea mwananchi silaha asiyoitumia. Ikiwa mwombaji hakupata jibu la maandishi kwa muda wa siku 60, kibali huhesabiwa kwamba kimetolewa. Ndiyo sababu ni lazima kutunza stakabadhi yenye tarehe na muhuri, kwa maana asiye na karatasi hana la kuonyesha. Hata hivyo, siku hizo zikipita, ni lazima ajenge kwa kufuata ramani alizopeleka, wala hana ruhusa ya kuongeza ghorofa.

Akikataliwa, ana siku 14 za kupeleka malalamiko yake kwa kamati ya kaunti inayosikiliza mashauri ya mipango ya ardhi. Na asiporidhika huko, Mahakama ya Ardhi na Mazingira iko wazi. Aliyeletewa notisi ya kusimamisha au kubomoa naye anazo siku 14 za kulalamika mbele ya kamati hiyohiyo. Wengi huiweka notisi kabatini, wakadhani itasahauliwa. Siku zikipita, haki yao imepita nazo.

SHERIA NI YA NANI

Wasomaji wengine watasema kwamba sheria hizi ni za kumkandamiza maskini. Na wakumbuke Huruma. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha, jengo la ghorofa lililokuwa karibu na mto lilianguka na kuua watu wapatao 50. Viongozi walisema kwamba lilijengwa bila kibali na kwamba lilikuwa limekwisha kuamriwa libomolewe. Waliokufa si walioinyima kaunti ramani, bali wapangaji waliolipa kodi yao na kulala.

Chumba cha uani si jengo la ghorofa, lakini atakayelala humo ni mama yako, au mwanao, au mtoto wa mwenzako aliyekuja mjini kutafuta kazi. Ramani na mkaguzi ni kwa ajili yake kwanza.

Basi, mwenye kiwanja, kabla ya kuita lori la mawe, nenda katika ofisi ya mipango ya kaunti yako ukiwa na nakala ya hati yako, ukaulize maswali manne: naruhusiwa kujenga nini, niache nafasi gani, nilipe ada gani, na nipeleke karatasi zipi. Andika majibu pamoja na jina la afisa na tarehe. Kuuliza si ujinga, na asubuhi moja ya foleni ni nafuu kuliko ukuta uliojengwa mara mbili.