Mama, unameza dawa ya kichwa siku ngapi kwa mwezi?

Katika nyumba nyingi za Luberizi, Sange na Luvungi, vidonge vya kichwa havikosi. Tunavifunga kwenye pembe ya kitenge, na jirani akilalamika kwamba kichwa kinamgonga, tunamgawia. Huo ni wema. Lakini tujue kwamba dawa inayotuliza leo, ikimezwa karibu kila siku, inaweza kuleta maumivu ya kesho.

Mtu mwenye kichwa cha mara kwa mara akimeza parasetamoli, aspirini au ibuprofeni siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, mwili huzoea. Dawa ikiisha nguvu, kichwa kinarudi, naye anameza tena. Kwa vidonge vyenye dawa mbili au tatu ndani yake, au kwa tramadoli, siku 10 kwa mwezi zinatosha kuleta shida hiyo. Njia ya kutoka ni kuacha au kupunguza, ukifuatwa na muuguzi. Siku za kwanza kichwa huweza kuzidi, halafu kinatulia.

Vichwa havifanani. Kichwa chenye homa, hapa kwetu penye mbu wengi, kipimwe malaria kwanza. Parasetamoli hushusha homa, lakini haiui malaria. Kipandauso, yaani migreni, ni kingine: kinapiga kama ngoma, mara nyingi upande mmoja, na kinaleta kichefuchefu na kuchukia mwanga na kelele. Kisipotibiwa, kinaweza kudumu saa 4 hadi siku 3. Kinawapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na wengi kinawajia karibu na siku zao za mwezi.

Kwa kipandauso, dawa husaidia zaidi ikimezwa mapema, maumivu yanapoanza. Parasetamoli ya miligramu 500, mtu mzima humeza 1 au 2, angoje saa 6, na asipite vidonge 8 kwa siku nzima. Mwenye ugonjwa wa ini au mwembamba sana aulize kwanza. Ibuprofeni na diklofenaki zimezwe baada ya kula, na mwenye vidonda vya tumbo aziache. Mtoto asipewe aspirini. Parasetamoli yake hupimwa kwa kilo zake.

Je, kuna dawa ya kuzuia? Ndiyo. Kipandauso kikirudi mara nyingi, daktari anaweza kuandika propranololi au amitriptilini, ambazo humezwa kila siku hata kama huumwi. Propranololi haifai kwa mwenye pumu. Kwa hiyo dawa hizi tusiziazime kwa jirani. Kuna pia kinga isiyonunuliwa: kunywa maji kabla ya kwenda shamba la mpunga, kutoshinda na njaa juani, na kulala saa zile zile.

Sasa neno kwa mama mjamzito. Baada ya miezi 5, kichwa kikali, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, au maumivu juu ya tumbo, vinaweza kuwa dalili za shinikizo la damu la mimba. Hilo huleta degedege na huweza kuua mama na mtoto. Usimeze kidonge ukalala: nenda kituo cha afya siku ile ile, hata usiku, upimwe damu inavyosukuma na mkojo. Usingoje siku ya CPN. Hatari hiyo inaendelea hata wiki za kwanza baada ya kujifungua. Na mjamzito asijinunulie ibuprofeni, diklofenaki wala aspirini.

Wengine pia wakimbizwe hospitali: mwenye kichwa kilichokuja ghafula kwa nguvu ambayo hajawahi kuisikia, mwenye homa na shingo ngumu, aliyeanguka akagonga kichwa, au aliyelegea upande mmoja wa mwili.

Kwenye kikundi chetu, kila mama achukue ukurasa mmoja wa daftari. Kila siku kichwa kikiuma aandike tarehe, dawa aliyomeza, na kama yuko katika siku zake. Baada ya mwezi ahesabu. Zikipita siku 10 za dawa, aupeleke ukurasa huo kwa muuguzi. Utamwonyesha mengi kuliko kumwambia tu, "Kichwa kinaniuma."