Kupiga Picha za Mandhari kwa Pamoja: Kusimama Aliposimama Mwingine

Karibu kila familia ina simu yenye kamera nzuri kuliko zile walizozitumia wapiga picha wa studio za miji yetu miaka 40 iliyopita. Hata hivyo, picha nyingi tunazopiga ni za harusi, ubarikio, Komunyo ya kwanza na misiba. Mlima, mto na msitu vinavyotuzunguka huingia humo kwa bahati tu, nyuma ya bega la bwana harusi. Katika makala hii tunapenda kukushirikisha jinsi sisi, kikundi kidogo cha waamini wa miteremko ya Kilimanjaro, tulivyoanza kupiga picha za mandhari kwa ajili ya kujifurahisha, na jinsi picha moja ya zamani ilivyotufundisha kwamba burudani hii inahitaji adabu na uvumilivu kuliko tulivyodhani.

Tuko saba. Mmoja ni mwalimu mstaafu, wawili ni vijana wa kwaya, wengine ni wakulima na wafanyabiashara wadogo. Kamera halisi tunazo mbili, stendi ya miguu mitatu ni moja, na waliobaki hutumia simu. Upungufu huo umetusaidia: mwenye stendi anapofanya kazi, wengine hulazimika kusubiri na kutazama, na katika kutazama huko mtu huona mengi asiyoyaona aliyeinamia kamera.

Jambo la kwanza la kujifunza ni mwanga. Kilimanjaro haukai wazi siku nzima. Jua linapopanda, hewa yenye unyevu hupanda pia juu ya mteremko, hupoa, na ikifika saa nne au saa tano asubuhi mawingu huwa yamekwisha kuufunika mlima. Kwa hiyo anayetaka kuuona Kibo, kilele chenye mita 5,895, na Mawenzi yenye mita 5,149, aamke kabla ya jogoo kuchoka kuwika. Huku kwetu karibu na ikweta mapambazuko hayachelewi; kati ya giza na jua kamili kuna dakika chache tu, na mwanga laini wa rangi ya dhahabu hudumu kwa muda mfupi kuliko muda wa kuchemsha chai. Mwenye kufika jua likiwa limechomoza amekwisha kuchelewa.

Majira nayo yana neno. Mwezi Desemba na Januari jua la mchana huwa upande wa kusini, hivyo uso wa mlima unaotazama Moshi hupata mwanga wa kutosha. Mwezi Juni na Julai jua liko kaskazini, uso huohuo hubaki kivulini, na ukungu wa kipindi hicho huongeza shida. Tulipoteza Julai nzima kabla ya kulielewa jambo hili, kila mmoja akiilaumu simu yake.

Kuhusu kamera yenyewe, mambo matatu yanatosha kwa kuanzia: ukubwa wa tundu la lenzi, muda ambao mwanga unaruhusiwa kuingia, na wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Tundu likiwa dogo, vitu vya karibu na vya mbali huonekana wazi kwa pamoja, lakini mwanga hupungua, na muda lazima urefushwe. Muda ukirefushwa, mkono wa binadamu hutetemeka na picha huharibika. Ndipo stendi inapohitajika. Ukiongeza wepesi wa kuhisi mwanga ili kukwepa stendi, picha hujaa chembechembe kama unga uliomwagika. Hakuna njia ya kupata vyote vitatu kwa wakati mmoja. Mwenye simu asikate tamaa: aiegemeze kwenye ukuta au jiwe, na atumie saa ya kuchelewesha ili kidole chake kisiitikise.

Sasa tuje kwenye picha iliyotusumbua. Bibi mmoja wa jumuiya yetu alitukabidhi picha ndogo isiyo na rangi, iliyopigwa na marehemu mumewe. Mbele anaonekana wifi yake amembeba mtoto mgongoni. Katikati kuna paa la kanisa la kigango. Nyuma, juu ya migomba na mikahawa, unasimama Kibo wenye weupe mpana. Bibi alituomba jambo moja tu: twende mahali pale mzee aliposimama, tupige tena, tumletee. Macho yake na miguu yake havimruhusu kwenda mwenyewe.

Nyuma ya picha hapakuwa na tarehe. Picha isiyo na tarehe ni kama barua isiyo na jina la mwandishi: unaisoma, lakini huwezi kuitumia kama ushahidi. Tuliokolewa na yule mtoto wa mgongoni, ambaye leo ana watoto wake mwenyewe na anajua kwamba alizaliwa mwaka 1974. Tukakubaliana kwamba picha ni ya mwaka 1975 au karibu na hapo.

Kutafuta mahali aliposimama mpiga picha ni kazi yenye kanuni zake, na tunaieleza kwa kirefu kwa sababu yeyote mwenye picha za zamani nyumbani anaweza kuifanya. Kwanza, usihangaike na kuvuta picha kwa lenzi. Kuvuta hubadilisha ukubwa wa eneo linaloonekana, lakini uhusiano kati ya kitu cha karibu na kitu cha mbali huamuliwa na mahali ulipo peke yake. Pili, chagua kitu kimoja cha karibu na kimoja cha mbali ambavyo havijahama. Sisi tulichagua ncha ya paa la kigango na jabali moja la Mawenzi. Katika picha ya zamani ncha hiyo inagusa ukingo wa jabali. Ukiona kwenye kamera yako kwamba ncha imesogea kushoto kwa jabali, maana yake wewe umekwenda mno kulia. Rudi kushoto, polepole, hatua kwa hatua, hadi vikutane tena. Tatu, tafuta jozi nyingine ya vitu upande wa pili wa picha na urudie zoezi hilo. Mistari miwili ikikutana, umepata mahali.

Ilituchukua asubuhi tatu za Januari. Asubuhi ya kwanza mawingu yalitushinda. Ya pili tulipata mstari wa kwanza, ukatupeleka katikati ya shamba la jirani, nasi tukarudi nyumbani kwa sababu hatukuwa tumeomba ruhusa. Tunasisitiza jambo hili: kihamba ni makao ya watu, mara nyingi kina makaburi ya wazee wao, na kamera haimpi mtu haki ya kuingia. Asubuhi ya tatu jirani mwenyewe alitusindikiza, akatuletea na ndizi.

Tulipoziweka picha mbili pamoja, tulinyamaza. Weupe uliovaa kichwa cha Kibo umepungua na kubaki vipande. Jambo hili si geni kwa wataalamu. Barafu ya Kilimanjaro ilipimwa na kuchorwa ramani mwaka 1912 na Wajerumani Fritz Klute na Eduard Oehler, wakitumia picha zilizopigwa kutoka ardhini. Wakati huo ilienea takribani kilomita 12 za mraba. Kufikia mwaka 2011 zilikuwa zimebaki chini ya kilomita 2 za mraba. Kwa maneno mengine, sehemu ya elimu hiyo ilitokana na watu waliosimama mahali fulani wakiwa na kamera, kisha wakaandika walisimama wapi na lini.

Hata hivyo, kijana mmoja kati yetu alitaka tuisambaze picha yetu mara moja kwenye simu za wanaparokia, ikiwa na maneno kwamba mlima umekufa na maji yatakwisha. Mwalimu wetu mstaafu alimzuia, na tunaona alifanya vema. Theluji mpya huanguka na kuyeyuka ndani ya siku chache. Picha moja yenye weupe mwingi au mchache haithibitishi kitu, mpaka ilinganishwe katika majira yaleyale, baada ya siku za ukavu. Hatukujua picha ya mzee ilipigwa mwezi gani. Pia maji ya mito na mifongo yetu hutoka zaidi kwenye ukanda wa msitu, unaopokea mvua na kunasa ukungu, kuliko kwenye barafu ya kileleni. Anayehofia maji autazame msitu, hasa tukikumbuka moto mkubwa uliozuka mlimani Oktoba 2020. Kweli iliyotiwa chumvi hugeuka uongo, na aliyedanganywa mara moja hataamini picha ya pili. Ndiyo maana katika kikundi chetu kusahihisha mwanga kunaruhusiwa, lakini kufuta nguzo ya umeme au kuongeza theluji hakuruhusiwi. Wengine wanatuona wagumu mno. Basi na iwe hivyo.

Papa Fransisko, katika waraka wake wa Laudato si’ wa mwaka 2015, aliwaalika watu wote kuitunza dunia kama nyumba ya wote. Sisi tunauitikia mwaliko huo kwa namna ndogo: kila picha tunayochapisha tunaiandikia nyuma, kwa kalamu ya risasi, tarehe, saa, mahali na upande tuliotazama, kisha tunahifadhi nakala ya faili kwenye diski mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti.

Kulikuwa na kasoro moja katika kazi yetu ambayo hatukuweza kuieleza. Mistari ilikutana, lakini paa la kigango kwenye picha yetu lilipanda juu na kuyafunika mashamba ya nyuma, ilhali katika picha ya zamani yanaonekana vizuri. Tulidhani labda paa lilijengwa upya.

Tulimpelekea bibi picha zote mbili baada ya Misa ya Dominika. Mjukuu wake alimwelezea moja baada ya nyingine, naye akasikiliza, akauliza habari za paa, kisha akacheka hadi akafuta machozi. “Wajukuu zangu, ninyi mlisimama chini,” alisema. “Mzee alipanda juu ya mringaringa. Mimi ndiye niliyemshikia viatu.”

Mringaringa ule ulikatwa zamani, na kisiki chake kiko hatua mbili kutoka tulipoweka stendi. Jirani amekwisha kuturuhusu kurudi Januari ijayo, na safari hii tutabeba ngazi.